Nyimbo za Baba na Njia ya Kuzifikia

Baba alikuwa mpenzi wa taarab, na kaseti zake zilijaza kabati zima katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa. Alikuwa na Juma Bhalo na tuni zake za filamu za Kihindi, Zein l'Abdin na udi wake, Matano Juma na kinanda, Zuhura Swaleh na tashkota iendayo mbio. Nyingine alizinunua Mbwana Radio Service. Nyingine zilikuwa za harusi, zilizorekodiwa usiku kucha kwa redio kaseti iliyowekwa karibu na spika. Kati ya wimbo na wimbo unasikia vigelegele, watu wakitunza, na mtu akiomba shairi lirudiwe. Nyingi kati ya hizo hazikuingia dukani kamwe. Mkanda mmoja ukiharibika, harusi nzima imekwenda nao.

Siku hizo aliyetaka kusikiliza alikuja nyumbani. Aliyetaka kuondoka na wimbo alileta kaseti tupu, akaketi, akanywa kahawa mpaka deki imalize kunakili. Kila nakala ya nakala ilizidi kuvuma na sauti nyembamba zikafifia, huku joto la pwani na unyevu wa bahari vikiotesha ukungu kwenye utepe. Baba alipofariki, kazi ya kuziokoa niliachiwa mimi.

Nilianza kwa kompyuta ya mezani, waya kutoka kwenye deki hadi tundu la kuingizia sauti, na programu ya bure iitwayo Audacity. Njia ya mkato haikuwepo: kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60 kuingia, nawe huna budi kuikalia, kwa sababu utepe mkongwe hunaswa wakati wowote. Nafasi nayo ilikuwa ya kuhesabiwa. Sauti ya ubora wa sidii hula takriban megabaiti 10 kwa dakika. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula kama moja tu. Diski za wakati ule zilikuwa ndogo, basi mwanzoni kila kitu kilikuwa MP3. Diski zilipokua na bei kushuka, nilizirudia kaseti za harusi kwa FLAC, muundo uliotoka mwaka 2001, unaopunguza ukubwa wa faili bila kutupa chochote cha sauti.

Nyimbo zikasalimika, lakini zilikaa chumbani kwangu, na mama alikuwa sebuleni. Ndipo nikaipata SlimServer, programu ya kampuni ya Marekani, Slim Devices, iliyotengenezwa kuhudumia kifaa chao cha kuchezea muziki. Hata bila kukinunua kifaa chenyewe, uliweza kufungua kivinjari kwenye kompyuta nyingine ya nyumbani, ukaandika anwani ya seva, yaani kompyuta yenye nyimbo, na poti 9000, mlango wa programu hiyo, ukachagua wimbo. Nikaweka kompyuta kuukuu sebuleni, na mama akawa anasikiliza akiwa pale pale alipozoea kuketi.

Tangu hapo kazi yangu ikageuka: nilikuwa mtunza kaseti, nikawa mtunza njia. Ruta hugawa anwani za ndani kwa muda. Leo kompyuta ni 192.168.1.5, stima ikipotea na kurudi, huenda ikawa 192.168.1.9, na kule sebuleni ukurasa haufunguki. Dawa yake ni kuielekeza ruta iihifadhie kompyuta ile anwani moja, ikiitambua kwa nambari ya kudumu ya kadi yake ya mtandao. Windows XP nayo, kwa sasisho lake kubwa la Agosti 2004, ilianza kuwasha ukuta wa kinga bila kuambiwa, ikabidi programu ya muziki iruhusiwe kwa jina. Kisha kuna usingizi: kompyuta isiyoguswa hulala, na seva iliyolala haimjibu mtu. Anwani isiyobadilika, ukuta unaoruhusu, mashine isiyolala: hadi leo muziki ukinyamaza, ndiyo nikaguayo kwanza.

Dadangu aliolewa Muscat, mji ambao Kiswahili kina wenyewe siku nyingi. Kila alipopiga simu, salamu zikiisha, ombi lilikuwa lile lile: "Mdogo wangu, nisikilizishe Zein kidogo." Nikaweka simu karibu na spika. Hatukuwa na namna nyingine, maana intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, na ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitia nanga hapa hapa Mombasa. EASSy ikafuata mwaka 2010. Miaka iliyofuata, intaneti ya nyumbani ilipopata nguvu, wimbo wa kilobiti 128 kwa sekunde uliweza kutoka kwetu hadi Omani bila kukatika.

Nikafungua poti kwenye ruta, nikajiandikisha kwenye huduma ya jina linaloifuata anwani kila inapobadilika, nikampa dada jina hilo na nenosiri. Akasikiliza, akawaita watoto, kisha akamwita shangazi. Lakini poti iliyo wazi huonekana na dunia nzima. Seva huandika kila anayeigusa, na orodha yake ilijaa wasiojulikana waliokuwa wakibahatisha nenosiri, nalo lilikuwa likisafiri bila kusimbwa. Desemba 2015 Let's Encrypt ilipofunguliwa kwa umma na kutoa vyeti vya usimbaji bila malipo, nikaiweka seva nyuma ya HTTPS, na roho ikatulia.

Baadaye njia ikafungwa. Ndani ya nyumba kila kitu kilikwenda sawa. Kutoka nje, hakuna kilichopita. Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa ruta: anwani yetu ya nje sasa ilianza na 100. Anwani za mtandao za aina hii, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu ya dunia yaligawiwa Februari 2011. Mwaka uliofuata, anwani za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa ili watoa huduma waweze kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mtoa huduma wetu alikuwa amefanya hivyo. Ni kama jumba la ghorofa lenye anwani moja ya barabarani na lisilo na bawabu: mkazi akiagiza kitu kitamfikia, lakini mgeni akija mwenyewe hapati wa kumwonyesha mlango. Kufungua poti nyumbani hakukufaa kitu tena, kwa kuwa ruta iliyohitaji kufunguliwa haikuwa yangu.

Dada akarudi kusikiliza kwa simu. Jamaa wengine walinishauri tuhamie huduma za muziki za kulipia kwa mwezi. Nazitumia, na zina mengi mazuri. Lakini harusi za mtaani kwetu hazimo humo, na wimbo uliomo leo unaweza kuondolewa mkataba ukiisha.

Ufumbuzi ulipatikana kwa kugeuza mwelekeo: badala ya kungoja kufikiwa, kompyuta ya nyumbani ikawa ndiyo inayotoka. WireGuard, njia ya kuunganisha mashine kwa mawasiliano yaliyosimbwa, iliingizwa katika kiini cha mfumo wa Linux, toleo la 5.6, Machi 2020, na huduma kama Tailscale zimejengwa juu yake. Simu ya dada na kompyuta yangu kila moja hutoka kwenda kujitambulisha, kisha husaidiwa kukutana moja kwa moja kwa mawasiliano yaliyosimbwa. Zisipoweza kukutana, sauti hupitia seva ya kati, nayo haiwezi kuisoma. Hakuna tena poti iliyo wazi kwa dunia. SlimServer yenyewe imedumu kuliko kifaa ilichotengenezewa: Logitech iliinunua Slim Devices mwaka 2006, ikaacha kutengeneza vifaa hivyo mwaka 2012, lakini watumiaji wake wakaiendeleza programu, na tangu 2024 inaitwa Lyrion Music Server. Kwa wanaosikiliza kwenye simu nimeongeza seva nyingine ya muziki, Navidrome, na zote mbili husoma folda ile ile.

Faida kubwa ya safari hii niliiona kwenye folda ya harusi. Kaseti nyingi hazikuwa na maandishi ila neno "harusi" kwa mwandiko wa baba. Shangazi akiwa Muscat akasikia sauti mojawapo, akanipigia: "Mwanangu, huyo namjua, tumesoma chuo pamoja. Na biarusi ni wa Kibokoni." Akanitajia jina la mwimbaji, la mtunzi wa shairi na la mpiga udi. Nikayaandika ndani ya faili, pale pa msanii na pa maelezo. Dada akazitambua nyingine, kisha binamu aliyeko London akasikia shairi la babu yake. Hapa Mombasa hakuna aliyebaki wa kunieleza hayo. Waliojua walikuwa wamekwisha kutawanyika, na kama njia isingekuwepo, sauti zile zingebaki safi na zisizo na wenyewe.

Kwa hiyo siamini tena kwamba kuhifadhi ni kuweka kitu mahali pasipoharibika. Ni kukiweka mahali panapofikika, na kuilinda njia yake kila inapobadilika, kwa sababu itabadilika. Nakala ya pili ya folda sasa iko Muscat kwa dada, na mwanawe nimemwandikia daftari: seva huwashwa vipi stima ikirudi, anwani huhifadhiwa wapi, mtu mpya huruhusiwaje. Tayari ameongeza nyimbo zake mwenyewe.

Mwenye kaseti za wazee wake asingoje. Aziingize kwenye kompyuta, kisha azifungulie njia mapema, wakati wale wanaozijua sauti hizo wangali hai wa kusikia na kutaja majina.