Changieni Skani Kabla ya Jeneza

Wasee, leo sina vichekesho. Tuongee kuhusu kichwa.

Mwaka jana bro wangu alianguka na boda pale Outering akitoka job usiku. Aliinuka, akapanguza suruali, akapanda ngazi hadi ghorofa ya sita. Hapa Pipeline huo ni mtihani tosha wa afya, basi tukasema yuko sawa. Asubuhi kichwa kikaanza kuuma, akanunua tembe za maumivu. Siku ya tatu alikuwa anatapika na kusinzia mchana. Jirani mmoja akasema ni malaria, mwingine akasema ni stress. Mimi, nakubali, nilidhani anakunywa kisiri.

Hospitalini daktari alimwambia amfinye vidole kwa nguvu. Mkono wa kushoto ulikuwa hafifu. Akasema: skani ya kichwa, leo hii.

Nikauliza kama eksirei haitoshi, maana ni nafuu. Akanieleza polepole. Eksirei ya kawaida inaonyesha mfupa, lakini haiwezi kukuonyesha damu iliyovuja ndani ya fuvu. Mashine ya CT inatumia miale ya aina hiyo hiyo, ila inapiga ikizunguka kichwa, halafu kompyuta inaunda picha za vipande vyembamba, kama mkate uliokatwa. Dakika chache, umemaliza.

Na hii kitu si mpya. Mgonjwa wa kwanza alipigwa skani hiyo ya kichwa London, tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kupiga hesabu zake akiwa Cape Town. Sehemu ya hii akili ilianzia Afrika, na sisi bado tunabahatisha na tembe.

Sasa, pesa. Bei ya skani ilizidi kodi yetu ya mwezi. Nikafungua grupu ya WhatsApp. Masaa matatu, watu wanne wametuma. Na ploti hiyo hiyo, jirani wa ghorofa ya pili alipofariki, grupu ya matanga ilijaa usiku mmoja, hadi mweka hazina akachaguliwa! Aliyetuokoa ni keateka, aliyepita mlango kwa mlango na daftari lake.

Picha ilionyesha damu imekandamiza ubongo. Walimfanyia upasuaji usiku huo wakaitoa. Leo bro anapanda zile ngazi akilalamika kama zamani.

Kwa hivyo shika hii. Mtu akigonga kichwa, halafu maumivu yazidi, atapike, asinzie ovyo au upande mmoja uishiwe nguvu, peleka hospitali. Hata kiharusi ni hivyo: mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka vinafanana ukimtazama mgonjwa kwa nje, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumuua yule anayevuja. Picha ndiyo inayotenganisha.

Na mchango wa skani ukiletwa kwa grupu yenu, usisome ukanyamaza. Tuma hata hamsini. Usingoje ile grupu nyingine.