Windows ipo huku, ufunguo upo kule

Najua nimepotea sana, test zimetubana, si mnajua tena. Lakini ya Jumanne usiku siwezi kuyaacha yapite hivi hivi, maana naamini wengi humu hosteli laptopu zenu zina ugonjwa huo huo na hamjui.

Ilikuwa kama saa tatu usiku. Rumeti wangu kaingia chumbani kimya, kakaa kitandani na viatu vyake. Namuuliza, "Vipi shosti?" Haniangalii. Baadaye sana ndiyo akasema, "Risechi yangu imekwenda."

Nikakaa na mimi. Huyu dada anamaliza mwaka huu. Dodoso 120 kaziingiza kwenye kompyuta mwenyewe, moja moja, likizo nzima. Sura tatu ameshaandika, na Ijumaa alitakiwa azipeleke kwa supavaiza. Nikamuuliza nakala iko wapi. "Kwenye laptopu." Nyingine je? "Laptopu hiyo hiyo." Duh!

Mkasa wenyewe ulianza asubuhi. Laptopu ilikuwa inalia tik tik tik, ikaganda, akaizima. Kuiwasha tena, skrini nyeusi na maandishi meupe yanayosema hakuna kifaa cha kuwakia. Akakimbilia kwa fundi mmoja mjini. Fundi kaiwasha, kaitazama dakika mbili, kamwambia diski imekufa, vitu vyote vimeondoka, toa elfu thelathini nikupigie Windows upya. Mwenzangu alikuwa tayari kukubali, ila hela hakuwa nayo. Bumu halijaingia bado. Jamani, kuna siku kukosa hela ni baraka!

Nikamuuliza, "Si mwaka jana uliongeza SSD?" Ndiyo. "Ile diski ya zamani ulitoa?" Hapana, ilibaki humo humo, anawekea muvi. "Na risechi ulikuwa unasevu wapi?" Desktop.

Hapo nikaanza kupata moto. Desktop yake iko C, na C iko kwenye SSD. Na SSD haina kitu kinachozunguka ndani, haiwezi kulia tik tik. Kinacholia vile ni diski ya zamani, yenye sahani na mkono unaosoma. Kwa hiyo aliyekufa ni wa muvi! Sasa mbona Windows iliyoko kwenye SSD haiwaki?

Ngoja nieleze kidogo, watu wa IT mnivumilie. Ukibonyeza swichi, kompyuta haijui Windows ni nini. Kinachoamka kwanza ni programu ndogo ya kwenye mazabodi, kwa mashine za siku hizi inaitwa UEFI. Hiyo inatafuta patisheni moja ndogo, EFI System Partition. Windows ikiitengeneza yenyewe, mara nyingi ni MB 100 tu, fomati yake FAT32, haina herufi, kwa hiyo huioni ukifungua This PC. Humo kuna faili la kuanzishia Windows, bootmgfw.efi, na kuna daftari linaloitwa BCD ambalo linasema Windows yenyewe imelala kwenye diski gani, patisheni gani. Zamani enzi za BIOS kazi hiyo ilianzia kwenye baiti 512 za mwanzo wa diski: 446 za programu, 64 za jedwali la patisheni nne, 2 za alama ya mwisho. Mtindo huo ulianza na PC DOS 2.0 mwaka 1983, na mashine nyingi kuukuu bado zinautumia.

Sasa balaa liko hapa. Ukipiga Windows kwenye SSD mpya huku diski ya zamani bado imechomekwa, na ile ya zamani tayari ina patisheni ya EFI, Windows mara nyingi hujishikiza kwenye hiyo hiyo ya zamani. Haikuulizi. Mafaili yote yanaenda SSD, lakini kianzio kinabaki kule. Mashine inawaka vizuri tu, tena kwa kasi, unamshukuru fundi unaondoka.

Ni kama umehamia nyumba mpya. Kitanda, sufuria, magodoro, vyote umehamisha. Lakini ufunguo wa mlango umeuacha kwa mwenye nyumba wa zamani, kila jioni unapitia kwake kuuchukua. Siku mzee akifa, unalala nje, na vyombo vyako viko ndani salama salmini. Na fundi anakushauri uchome nyumba ujenge upya!

Haya, kazi ikaanza. Cha kwanza hatukutengeneza chochote. Tulitoa nakala. Tukafungua mfuniko wa chini, tukaichomoa ile diski ya zamani, nikachomeka flashi yangu yenye Ubuntu inayowaka moja kwa moja bila kuingizwa kwenye mashine. Ikawaka. SSD ile pale. Tukaingia Users, jina lake, Desktop... folda inaitwa RESEARCH FINAL FINAL 2. Shosti alilia, mimi nikacheka, halafu na mimi nikalia. Tukakopi kwenye flashi mbili, moja yake moja yangu. Bahati yake SSD haikuwa imefungwa na BitLocker. Ingekuwa imefungwa, tungedaiwa ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kuona hata faili moja, kwa hiyo mwenye BitLocker auandike ufunguo wake mahali pengine LEO.

Baada ya hapo ndiyo tukaugusa ufunguo wa mlango. Tukaazima flashi ya kupigia Windows kwa dada wa chumba cha juu. Ikifika skrini ya kwanza unabonyeza Shift na F10, linafunguka dirisha jeusi, unaandika diskpart, kisha list disk.

Hapa lazima nikiri kitu. Mkono ulikuwa unanitetemeka, na sababu naijua. Mwaka jana niliandika clean ndani ya diskpart nikidhani nimechagua flashi tupu. Nilichagua namba nyingine. Clean haikuulizi una uhakika, inafuta jedwali la patisheni papo hapo. Zilikuwemo picha za bibi yangu za mwisho. Kwa hiyo Jumanne nilimfanya rumeti asome kila namba kwa sauti kabla sijabonyeza Enter. Diski 0, GB 223. Diski 1, GB 14. Ile SSD iliyoandikwa 240 kwenye boksi Windows inaihesabu 223, na flashi ya 16 inakuwa 14, basi ukubwa ndio unaokwambia nani ni nani. Usiamini namba peke yake.

Tukachagua diski 0, list partition, tukachagua ile kubwa. Kisha:

shrink desired=300
create partition efi size=260
format quick fs=fat32
assign letter=S

Maana yake: tumeimega ile patisheni kubwa kidogo mwishoni, hapo tumejenga kijumba kipya cha EFI, tumekifomati, tumekipa herufi ya muda. Kisha list volume, maana ukiwa ndani ya flashi herufi hubadilika. Kwetu Windows ilijiita D, siyo C. Ukitoka kwa exit, amri ya mwisho ni moja tu:

bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI

Ikajibu kwamba faili za kuwakia zimetengenezwa. Tukachomoa flashi, tukawasha. Sekunde kadhaa za giza, nasikia shosti anahesabu. Halafu picha yake ya mahafali ya form six ikatokea. Kelele tulizopiga, wa vyumba vya jirani mtusamehe!

Sasa wewe unayesoma, kama una diski mbili, fungua Disk Management sasa hivi. Tafuta palipoandikwa EFI System Partition. Kama ipo kwenye diski moja na ile C, lala usingizi. Kama ipo kwenye diski ya zamani, toa nakala ya vitu vyako kwanza, halafu ihamishe diski ya zamani ikiwa bado nzima, kwa njia hiyo hiyo. Ukimaliza zima, chomoa ya zamani, washa. Ikiwaka peke yake, umehama kweli. Na ukipeleka mashine iongezwe SSD, mwambie fundi achomoe diski ya zamani kabla ya kupiga Windows. Dakika tano tu.

Fundi yule simlaumu sana. Alichoona ni mashine isiyowaka, na dawa anayoijua ni moja. Kinachoniuma ni vile tulivyo wepesi kuamini kwamba vitu vimeondoka kabla hatujafungua tukaangalia. Picha za bibi niliziacha hivyo hivyo, nikaendelea kuitumia ile diski miezi minne. Baadaye sana ndiyo nikaja kusoma kwamba clean peke yake hufuta jedwali tu, picha zenyewe huenda zilikuwepo bado mpaka mimi mwenyewe nilipoandika juu yake.

Ijumaa rumeti kapeleka sura zake tatu. Supavaiza kazirudisha na wino mwekundu kila ukurasa, kwi kwi kwi. Anasema hajawahi kufurahia wino mwekundu namna hiyo.

Haya, ngoja nikalale, kesho kuna kipindi saa moja asubuhi. Alamsiki.