Kuwaka na Kufunguka

Kwa karibu miezi minne kompyuta yangu ilichukua dakika 11 kila asubuhi kabla ya kukubali kazi. Nilipima kwa saa ya simu. Nilikuwa nikibonyeza kitufe, nachukua kidumu, nafuata maji, narudi, na vidoti vyeupe bado vinazunguka katikati ya kioo. Kwetu Mugunga umeme haungoji mtu. Ukirudi kwa saa mbili, dakika 11 za kusubiri ni sehemu kubwa ya siku ya mwanafunzi.

Nilijiona ninaweza kutatua jambo hili mwenyewe. Darasa la fonolojia limetufundisha jozi za mlinganuo finyu: badilisha kitu kimoja tu, acha vingine vyote kama vilivyo, kisha tazama kama maana imebadilika. Nikafanya vivyo hivyo kwa mashine. Nilifungua kwa vitufe vya Ctrl, Shift na Esc dirisha linaloorodhesha programu zinazojianzisha zenyewe. Nikazizuia moja baada ya nyingine, nikipima kila mara: ya kupigia simu za video, ya kusasisha kichapishi nisichokuwa nacho tena, ya muziki. Dakika 11 zikawa 10, kisha zikarudi 11.

Kosa la kwanza lilikuwa la vipimo vyenyewe. Siku nyingine nilizima na kuwasha. Siku nyingine nilichagua kuanzisha upya. Nilidhani ni kitu kimoja. Sivyo. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, mfumo unapozimwa kwa kawaida huhifadhi kiini chake katika faili kwenye diski, ili kesho ukichukue kilipoachwa. Kuanzisha upya ndiko kunakoanza kabisa kutoka mwanzo. Kwa hiyo jozi zangu hazikuwa finyu hata kidogo. Nilikuwa nikilinganisha maneno ya lugha mbili.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, na nitalieleza bila kujitetea. Kwa sababu kuanza kulichukua muda mrefu, niliamua kutoizima tena. Niliingia kwenye mipangilio, nikaagiza kwamba kifuniko kikifungwa mashine isilale. Asubuhi nilikuwa nikiifunga ikiwa hai, naitia mkobani, napanda motari mpaka mjini. Anayeijua njia yetu, hasa vichochoro vya mawe ya volkeno kabla hujafika kwenye lami ya barabara ya Sake, anajua mkoba unavyoruka. Ndani ya mkoba ule diski ilikuwa inazunguka.

Nilipoona inazidi kuchelewa, nilifanya jambo la tatu: usiku mmoja umeme ulipokaa, niliiacha ipange upya vipande vya faili hadi alfajiri. Asubuhi ilichukua dakika 19.

Ndipo nikaipeleka kwa fundi mwenye kibanda cha mbao kando ya barabara, anayetengeneza simu, redio na chochote chenye waya. Hakuuliza ina Windows gani. Aliniuliza:

"Mudogo, inakawia kuwaka ama inakawia kufunguka?"

Nilisimama nikimtazama. Miezi minne nilikuwa nikisema "inachelewa kuanza", na katika neno hilo moja nilikuwa nimefungia matatizo mawili. Kitabu changu cha mofolojia kingeweza kunisaidia kama ningekumbuka kukitumia nje ya mtihani. Kuwaka ni kwa taa na moto: umeme umefika, feni imezunguka, nembo ya kiwanda imetokea. Kufunguka ni kwa mlango: kuna kitu ndani, na sasa unaweza kukifikia. Kiingereza kina neno moja tu kwa safari yote, lililotokana na msemo wa mtu kujiinua kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya menyu za mashine yangu, husema démarrer kama wasemavyo kwa gari. Fundi alikuwa na vitenzi viwili, na kila kimoja kilikuwa na orodha yake ya wagonjwa.

"Kuwaka inawaka mbio, yaya," nikamjibu. "Kufunguka ndiko kunakokawia."

Basi umeme, kumbukumbu ya muda na ubao mkuu vikatoka kwenye orodha ya washukiwa. Zikabaki programu, ambazo nilikuwa nimeshazizuia, na diski. Aliwasha, akainamisha sikio juu ya mashine kama mtu anayesikiliza pumu ya mtoto, akaniashiria nami nisikilize. Kulikuwa na mlio mdogo, tik, kimya, tik, tik, kimya.

"Ii diski iko natafuta," alisema.

Nakiri kwamba jambo la kwanza lililonijia ni kumsahihisha kimoyomoyo: inatafuta. Hiyo ndiyo tabia mbaya tuliyo nayo sisi wa kitivo. Lakini alichosema hakiwezi kusemwa vizuri kwa Kiswahili sanifu kwa neno moja. Katika sanifu, -na- hubeba mambo mawili: linalotendeka sasa hivi na lililo kawaida. Katika Kiswahili cha Goma mzigo huo umegawanywa. "Inatafuta" yaweza kuwa tabia tu, na kutafuta ni kazi ya kila diski duniani. "Iko natafuta" ni tendo ambalo bado linaendelea hapa, mbele yetu, na halijafika mwisho. Maelezo yote ya ugonjwa yalikuwa ndani ya hiyo "iko".

Diski ya aina ile huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, na kichwa cha kusomea huelea juu yake bila kuigusa. Sehemu fulani ikiharibika, diski haikati tamaa mara moja: hurudia kuisoma, tena na tena, na mfumo mzima husubiri jibu. Mtumiaji huona vidoti vinazunguka, akadhani mashine ni mvivu. Fundi alifungua programu inayosoma kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe. Sehemu zilizokwisha kuhamishwa kwa kuharibika zilikuwa mamia, na nyingine zilikuwa zikingoja kuamuliwa.

"Kuna kitu ya maana ndani?" akauliza.

Kulikuwa na saa tisa za Kihunde. Nilikuwa nimezirekodi kwa ajili ya kazi yangu ya toni, nyingi zikiwa za mzee mmoja aliyekimbia Masisi na kuishi katika kambi isiyo mbali na kwetu. Mwanzoni mwa 2025, kambi zilizozunguka Goma zilipobomolewa, aliondoka na wengine. Namba ya simu niliyokuwa nayo ilikuwa ya jirani yake, na haipatikani.

Saa tisa za sauti isiyobanwa ni takriban gigabaiti 6. Zinaenea kwenye flashi ndogo inayouzwa sokoni. Sikuwa nimezinakili popote.

Fundi alinikataza kuwasha tena mashine ile. Alisema kwanza kutoa mali, kutengeneza baadaye. Usiku ule wa kupanga vipande vya faili nilikuwa nimemkimbiza mgonjwa mbio za masafa marefu. Alichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake, akanakili faili moja moja, kazi iliyokula siku mbili na mafuta ya jenereta. Kati ya faili 31, zilitoka 28. Orodha za maneno ziko salama. Faili tatu zilizokufa ni za mazungumzo ya jioni, pamoja na ile ambayo mzee alieleza jinsi majina ya mashamba yao yalivyopatikana. Katika daftari langu nina nusu ukurasa tu juu ya jioni hiyo, na alama za toni sikuziweka, kwa kuwa nilijua ningezisikiliza tena.

Kwa dola 25 aliniwekea diski isiyo na kitu kinachozunguka. Sasa kompyuta inafunguka kwa sekunde 20 hivi, na sina muda hata wa kusimama. Kila jioni nazima kabisa. Rekodi ziko sehemu tatu, na moja iko nje ya Goma.

Tasnifu yangu itakuwa na aya moja kuhusu data zilizopotea, na msimamizi wangu ameniomba niiandike kwa lugha ya kawaida ya tasnifu. Nitafanya hivyo. Lakini swali la fundi nimeliandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu jipya, kwa matamshi yake, pamoja na tarehe na mahali, kama tunavyofundishwa kumwandikia kila msemaji.