Nilijificha Nyuma ya Namba

Kazi yangu ni redio, katika chumba cha mawasiliano ya dharura huko Illinois, Marekani. Nayaeleza haya kwa yeyote anayeishi ugenini akiiogopa sauti yake mwenyewe, maana mimi nilikuwa hivyo.

Nilipotoka Tanga, Kiingereza cha kusoma nilikuwa nacho. Lakini nikifungua mdomo, watu walikunja uso wakaniomba nirudie. Nikawa mtu wa maneno machache. Kwa hiyo nilipokabidhiwa orodha ya namba ambazo polisi huzisema redioni badala ya maneno, nilifurahi kuliko wenzangu wote. Namba haina lafudhi. 10-4, nimeelewa. 10-50, ajali. Askari wa doria akikuta mti umelala barabarani, hutaja namba, nami humjibu kwa namba, na magari yanageuzwa.

Nilizipenda hadi nikatafuta asili yake. Zilibuniwa hukohuko Illinois mwaka 1937 na Charles Hopper, mtu wa mawasiliano wa polisi wa jimbo. Redio za enzi hizo zilichelewa kidogo kupata nguvu mtu alipobonyeza kitufe, na silabi ya kwanza ilimezwa. Basi kumi ikatangulizwa, ili ikipotea, namba yenye maana ifike. Bado naiheshimu kazi ile.

Mafunzoni, hata hivyo, tuliambiwa wazi kwamba idara zikikutana, tuseme maneno ya kawaida. Serikali kuu ililidai hilo mwaka 2006, baada ya kimbunga Katrina. Sababu inaeleweka: 10-50 ni ajali kwa idara nyingi, lakini kwa polisi wa jiji la New York ni watu wanaofanya fujo. Nililikubali hilo kwa kichwa, moyo ukakataa.

Usiku mmoja barafu ilitanda barabara kuu, lori la mafuta likapinduka. Wazimamoto wa kaunti jirani wakaingia kwenye chaneli yetu. Nikawapa namba. Kimya. Nikairudia, sauti ikizidi kushuka. Ndipo kiongozi wao, mtu nisiyemjua, akasema taratibu: "Niambie tu unachokijua. Nakusikiliza."

Alikuwa na kila sababu ya kunifokea, na hakunifokea. Koo limekauka, nikaanza. Lori la mafuta limelala ubavu, limeziba njia zote mbili za kwenda kusini. Mafuta yanatiririkia mtaro wa mashariki, upepo unatoka magharibi, ingieni kwa magharibi. Kisha nikawageukia trafiki: chepusheni magari kabla hayajafika darajani, koni ziwekwe mbali zaidi nyuma, kwenye barafu breki hazishiki. Yule kiongozi aliniuliza neno moja tu. Nikalirudia, akasema amelipata.

Uoga haukuisha usiku ule. Kwa muda mrefu ulimi uliendelea kukimbilia namba, ikabidi nifanye mazoezi peke yangu garini, nikisimulia kwa sauti kila nilichokiona njiani. Namshukuru Mungu, na namshukuru yule bwana ambaye hatujaonana hadi leo. Ndugu yangu unayenyamaza kama nilivyonyamaza, usidhani nilikuwa jasiri. Nilivumiliwa.

Ndani ya idara yetu namba bado zinatumika, nami nazitumia. Majirani wakiingia kwenye chaneli, nasema kwa maneno. Wapo wanaoniomba nirudie, na ninarudia.