Kijana wa Tanga Katika Mji wa Aachen



Siku chache kabla ya Maulidi ya mwaka 1447, yaani mwanzo wa Septemba 2025, mpwa wangu alirejea Tanga kwa mapumziko. Alikuwa ametoka Ujerumani, alikokwenda mwaka mmoja nyuma kutafuta elimu ya uhandisi wa mitambo. Siku tatu mfululizo baada ya sala ya Isha tulikaa barazani, yeye, mimi, na dada yangu ambaye ndiye mama yake, naye akitusimulia. Mimi mwenyewe sijavuka bahari illa ya Pemba, basi haya niandikayo ni yale niliyoyasikia kwake. Nayaandika kwa kuwa ziko nyumba nyingi za Kiislamu ambazo leo zina kijana aliye ng'ambo, au anayejitayarisha kwenda. Tena nayaandika kwa kuwa katika khabari hii mna kosa langu, nalo nitalieleza mahali pake.

Mji wa Aachen upo magharibi kabisa ya Ujerumani, karibu na pale mipaka ya nchi tatu inapokutana: Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi. Chuo chake kikuu cha ufundi kilianzishwa mwaka 1870, na leo kina wanafunzi zaidi ya 40,000. Katika hao, zaidi ya 10,000 wametoka nchi nyingine. Katikati ya mji mna maji moto yatokayo ardhini, yenye harufu ya salfa kama ya yai viza. "Mjomba," aliniambia, "siku ya kwanza nilipopita pale nilisimama ghafula. Nilidhani nimefika Amboni." Wenyeji wa Tanga waijua harufu hiyo, na bila shaka watacheka kama tulivyocheka sisi.

Mji huo ni wa kale. Mfalme Charlemagne, aliyetawala sehemu kubwa ya Ulaya, aliufanya makao yake na akazikwa humo mwaka 814, ndani ya kanisa alilolijenga, ambalo lingali limesimama. Zamani hizo Khalifa wa Waislamu huko Baghdad alikuwa Harun Rashid. Wafalme hawa wawili, mbalimbali kwa dini na lugha, walipelekeana wajumbe na zawadi. Miongoni mwa zawadi za Khalifa alikuwamo ndovu, jina lake Abul Abbas, aliyefika Aachen mwaka 802. Basi mnyama huyo aliwatangulia vijana wetu katika njia hiyo kwa miaka zaidi ya elfu moja na mia mbili.

Katika lugha yao alikuta maneno tuliyoyazoea tangu utoto. Neno letu "shule" limetoka kwao, na "hela" vilevile, iliyokuwa sarafu yao walipoitawala nchi yetu. Kwa kutaja hela, wazazi yawapasa kujua jambo moja. Vyuo vya serikali katika jimbo hilo havitozi karo, illa mchango wa kila muhula. Lakini mwanafunzi mgeni hutakiwa aonyeshe kwanza kwamba anazo fedha za kujikimu. Kuanzia Septemba 2024 kiwango kilichowekwa kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka. Fedha hizo huwekwa benki, naye huruhusiwa kutoa sehemu yake kila mwezi. Kwetu sisi, fedha hizo ndizo shamba la michungwa la Muheza, urithi wa marehemu baba yake. Sasa shamba halipo.

Hapa ndipo penye kosa langu. Usiku wa kuagana nilimketisha, mimi niliyemfundisha alifu na bee, nikamwambia: "Soma, sali, na ufunge mlango wako. Usichanganyike nao." Nilidhani nampa ngao. Naye ni mtoto mtiifu, akafanya kama nilivyomwagiza. Alipanga chumba kidogo chini ya paa la nyumba ya mtu, akakaa humo peke yake.

Kisha ikaja baridi. Mwezi wa Desemba jua la Aachen huchomoza yapata saa mbili na nusu ya asubuhi, nalo huzama saa kumi na nusu. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana ndani ya muda wa saa nne. Alitoka gizani na kurudi gizani. Siku ya Jumapili maduka hufungwa na njia huwa kimya. Ijumaa alikwenda msikitini, lakini mara tu baada ya salamu huchukua viatu vyake akaondoka. Alikula mkate na maharage ya kopo. Zilipita siku nzima asiseme na mtu neno moja. Katika mtihani wa hesabu wa darasa la maandalizi alianguka, akaona haya kumwuliza mwenziwe. Kila alipopiga simu alituambia, "Alhamdulillah, sijambo," nasi tukaridhika.

Haya hatukuyajua mpaka usiku ule wa pili pale barazani. Alisema bila ya lawama, "Mjomba, mlango niliufunga kama ulivyoniagiza. Lakini nilipoufunga, shetani alikuwa ndani pamoja nami." Dada yangu alijifuta machozi kwa upindo wa kanga. Mimi sikuwa na la kujibu. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto kuwa Mtume (s.a.w.) ametuhadharisha na kujitenga na jamaa, na mtoto wangu mwenyewe nikamfungia njia.

Aliyemtoa katika hali hiyo, baada ya Mwenyezi Mungu, ni futari. Karibu na chuo hicho upo msikiti uitwao kwa jina la Bilal. Ulijengwa katika miaka ya 1960 kwa juhudi za wanafunzi Waislamu wa chuo hichohicho, waliokuja kusoma ufundi wakakosa pa kusujudu. Ramadhani ya mwaka 2025 ilipoingia, mwezi wa Machi, alibaki baada ya Magharibi kwa kuwa nyumbani hakuwa na chakula. Akakalishwa mkekani baina ya Mmorocco na Mwindonesia. Wakamwuliza jina, nchi, na anasoma nini. Usiku uleule Mmorocco akamfungulia daftari la hesabu na kumwonyesha alipokosea. Mtihani wa pili alifaulu.

Baada ya masomo hayo ya maandalizi aliingia karakana, kwa kuwa anayetaka uhandisi wa mitambo yafaa kwanza azoee kazi ya mikono. Alipewa kipande cha chuma, jiliwa na tupa, akaambiwa akisawazishe. Fundi mkuu, mzee wa Kijerumani asiyesema sana, alikipima, akatikisa kichwa, akamrudishia. Mara ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. "Nikakukumbuka wewe, mjomba," akasema, "ulivyokuwa ukinirudisha kwenye herufi ya dhadi." Mzee huyo alipojua kwamba kijana anatafuta mahali pa kusalia, hakuuliza mengi, alifagia pembe ya stoo akamwonyesha kwa mkono. Na siku kijana alipochelewa dakika kumi, mzee huyohuyo alimkemea mbele ya watu. Ndiyo desturi yao: saa ni ahadi, na mwenye kuivunja huonekana mwongo. Nauliza, je, hilo si katika mafundisho yetu?

Sasa nije kwenye jambo lililotukalisha usiku wa tatu. Alikuwa ameomba chumba katika dahalia ya wanafunzi. Wengi husubiri miezi mingi, naye alisubiri. Barua ya kukubaliwa ilikuja, chumba kianze Oktoba, wakati wa kuanza uhandisi wenyewe. Ilibaki ridhaa ya mama yake.

Alitueleza dahalia ilivyo. Kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake, lakini jiko ni la wote wa ujia mmoja. Ratiba ya usafi hubandikwa ukutani, na asiyefagia zamu yake huambiwa usoni. Takataka hutengwa, karatasi mbali, plastiki mbali, mabaki ya chakula mbali. Kuanzia saa nne ya usiku hadi saa kumi na mbili ya asubuhi hapana kelele. Kodi yake ni ndogo kuliko ya chumba kile cha chini ya paa.

Dada yangu akasema, "Na nguruwe watampika katika jiko hilohilo? Na pombe? Na wasichana watapita ujia huohuo?" Kijana hakumdanganya mama yake. Akasema, "Ndiyo mama, yote hayo yapo." Kisha akataja matumaini yake, na wala hayakuwa makubwa. Anataka, akirudi jioni, pawe na mtu wa kumwambia habari za jioni. Anataka akikwama katika hesabu agonge mlango wa jirani. Anataka siku ya Idi apike pilau ya iliki na mdalasini, awape wa ujia mzima, wajue kwamba kwetu sikukuu hailiwi peke yake. Na anataka, mtu akimwuliza kwa nini hanywi, ajibu kwa uso mkunjufu.

Dada yangu akanigeukia. "Kaka, wewe ndiwe uliyemwagiza mara ya kwanza. Sema."

Nilisema hivi. Jiko lina dawa yake: sufuria yako mwenyewe, kisu chako na kabati lako. Chombo kilichoguswa na nguruwe wajua katika madhehebu yetu kinavyotoharishwa. Usiazime, na hutapata taabu. Pombe ikiwekwa mezani, ondoka mezani bila ya kutukana mtu. Wasichana, inamisha macho yako, wala usikae faragha na mmoja wao. Usiache Ijumaa, na safari hii usikimbilie viatu vyako. Ama watu wa ujia huo, hao sasa ni jirani zako. Mwenyezi Mungu ametuusia jirani wa karibu na jirani wa mbali katika Sura An-Nisaa, aya ya 36. Na masahaba wa kwanza waliohajiri walikwenda Uhabeshi, wakakaa salama chini ya mfalme Mkristo, na dini yao wakarudi nayo kamili. Haikulindwa na mlango. Ililindwa na waliyoyajua na wenzao waliokuwa nao.

Kisha nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Akanibusu mkono, akasema, "Mjomba, ulikusudia kheri." Ni kweli nilikusudia kheri, lakini mwalimu hupaswa kupima wasia wake kama fundi yule apimavyo chuma.

Dada yangu alinyamaza kitambo, kisha akaingia ndani. Alirudi na sufuria yake ya pilau, ile ya zamani yenye mfuniko mzito, akaiweka karibu na begi la mwanawe. Hakusema neno, nasi hatukuuliza.

Enyi wazazi, mkimpeleka kijana wenu mbali, msimpe woga mkadhani ni taqwa. Mpeni elimu ya dini yake kabla hajaondoka, mwulizeni msikiti uko wapi, na akisema kwenye simu kwamba hajambo, mwulizeni jana alikula na nani. Nanyi vijana, msituone haya kutuambia kwamba mna upweke. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Twamwomba Mola awarejeshe nyote kwetu na elimu yenu na imani yenu. Amin.