Mkono wa Nani Tunaufuta?



Mwaka 1953, huko Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, zilitengenezwa Corvette za kwanza, 300 tu, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika kwa mikono. Zote zilikuwa nyeupe nje na nyekundu ndani. Bodi zake hazikuwa za bati bali za nyuzi za kioo, ufundi ambao bado ulikuwa mgeni.

Leo wapo mafundi wanaozirudisha Corvette za zamani katika hali zilivyotoka kiwandani. Chama chao, National Corvette Restorers Society, kilianza mwaka 1974. Tuliposoma juu ya mashindano yao tulishangaa: waamuzi hawatafuti motokari iliyo nzuri kupita zote. Wanauliza tu, je, ndivyo ilivyotoka kiwandani? Rangi inayong'aa kupita ile ya kwanza hukatiwa alama. Basi mafundi huirudia hata chaki ya mkaguzi, hata rangi iliyorukia mahali pasipostahili.

Mwanzoni tulicheka. Sisi tuliofundishwa ualimu kwa kalamu nyekundu, tungewezaje kusifu kosa? Kisha tukakumbuka daftari la marehemu baba yetu.

Alikuwa dereva wa lori. Kila alipotengeneza injini aliandika alichofanya, kwa Kiswahili cha jinsi alivyokisikia. Baada ya maziko yake tulilinakili daftari lote kwa hati safi, tukasahihisha kila neno. La zamani, lililojaa madoa ya mafuta, tulilitia motoni. Tulidhani tunamheshimu. Siku moja mama akatuomba tumsomee. Alisikiliza kurasa mbili, akasema: « Hii ni sauti yako, mwanangu. Ya baba yako iko wapi? » Hatukuwa na jibu.

Hata mafundi wale hawana jibu kamili. Tone la rangi linalodondoshwa kwa makusudi si lile lililomponyoka mfanyakazi aliyeharakishwa. Ndiyo maana motokari isiyoguswa, yenye rangi yake ya kwanza iliyochakaa, mara nyingi huthaminiwa kupita iliyofanywa upya. Hali ya kwanza ikiisha kuondolewa, huigwa tu, hairudi.

Hatusemi breki mbovu iachwe iue watu, wala mwanafunzi asisahihishwe. Twasema: kabla ya kusugua, tujiulize ni mkono wa nani tunaoufuta.

Mama angali hai. Kila tumtembeleapo twaandika upya maneno ya baba, kama alivyoyaandika yeye, kwa kadiri tunavyoyakumbuka, kisha twamsomea. Naye husikiliza, hutabasamu, na kutusahihisha.