Kathmandu: Sikukuu ya Taa na ya Ndugu

Mwaka 2022 tulifika Kathmandu, mji mkuu wa Nepali, kamera ikiwa begani. Shabaha yetu ilikuwa kupiga picha za Tihar, sikukuu ya taa ya Wahindu wa nchi ile, ambayo huko India huitwa Diwali. Tulidhani tunakwenda kutazama taa tu. Kumbe tulikuwa tumekosea.

Tihar huchukua siku tano, mwezi wa Oktoba au Novemba. Siku ya kwanza watu humlisha kunguru, mjumbe wa Yama, bwana wa mauti. Siku ya pili ni ya mbwa: hata mbwa wa njiani huvikwa shada la maua ya manjano na kupakwa rangi nyekundu kipajini. Siku ya tatu ng'ombe huheshimiwa, na usiku kila nyumba huwasha taa ndogo za udongo milangoni na madirishani, ili kumkaribisha Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema na mali. Siku ya nne Wanewari, wenyeji wa bonde lile, hufungua mwaka wao mpya.

Usiku wa taa tulifundishwa kazi. Tulipotumia taa kali ya kamera, picha ilionyesha ukuta mweupe na nyuso zilizoshtuka. Vimoto vyote vilikuwa vimemezwa. Basi tuliizima, tukaisimamisha kamera juu ya miguu mitatu, tukaliacha jicho lake wazi kitambo. Hapo giza lenyewe likazidhihirisha taa.

Siku ya tano huitwa Bhai Tika. Dada humzungushia kaka yake mafuta, huvunja jozi mlangoni, humpaka tika ya rangi saba kipajini, humvika shada la maua yasiyonyauka upesi. Yote hayo ni ili mauti isimfikie. Naye kaka humpa dada zawadi, na huahidi kumlinda.

Lakini asiye na dada afanyeje? Katikati ya mji liko ziwa dogo, Rani Pokhari, alilolichimbisha mfalme Pratap Malla mwaka 1670 ili kumtuliza malkia aliyefiwa na mwanawe. Hekalu lililo katikati ya maji liliharibiwa na tetemeko la mwaka 2015, likajengwa upya hata mwaka 2020. Kwa desturi lango lake hufunguliwa siku ya Bhai Tika, na wasio na kaka wala dada huja kupokea tika huko.

Tulisimama karibu na lango. Mzee mmoja alitoka, tika ikiwa ingali mbichi kipajini, machozi yakimlengalenga. Tuliinua kamera kidogo, kama kumwomba ruhusa. Akatikisa kichwa polepole. Tukaishusha.

Wanafunzi wetu wakituuliza picha ipi ya safari ile ni bora, twawasimulia ile tusiyoipiga. Nanyi mlio na ndugu, je, mliwajulia hali lini?